Nchi Isiyojua Kutuana Mizigo

Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye sufuria jikoni akaiepue, maana mimi nikianza kusimulia sipendi kukatwa. Hii ni habari ya Kidawa binti Sheha na siku zake katika nchi ya Utwiko. Alifikaje huko, msiniulize. Alipanda, akateremka, akachoka, akafika. Safari zote ndivyo zilivyo na mimi sina subira nazo.

Alichokifuata kilikuwa kimoja. Mdogo wake, Pandu, alihamia Utwiko ujanani, akaoa huko, akapanda cheo mpaka akawa Mchotaji Mkuu, halafu akafa. Wafanyabiashara waliomletea Kidawa habari ya msiba walimpa mkono kama watu wanaompongeza. "Amekufa na mzigo mkubwa kuliko wote mgongoni," walimwambia. "Nani asiyetaka kufa hivyo?" Kidawa hakuona cha kupongezwa. Lakini walipokuwa wanaondoka, mmoja wao alisema kwamba Pandu alimwachia dada yake neno, na neno lenyewe bado liko winguni, halijachotwa. Basi Kidawa akafunga kikapu chake.

Jambo la kwanza aliloliona Utwiko ni adabu yao. Alikutana na mwanamume njiani, akamsalimu vizuri, na yule bwana akaitikia vizuri, kisha akaokota jiwe akalitia ndani ya kikapu cha Kidawa. Kidawa alidhani ni mwendawazimu, akampisha. Akaja mwanamke, naye akatia jiwe. Wakaja wazee wawili wenye kanzu safi, wakatia moja moja, na wa pili akahangaika kutafuta lililo kubwa zaidi kwa kuwa alimwona mgeni ni mtu mzima anayestahili. Alipofika mjini, shingo ilikuwa imemwingia mabegani. Utwiko mtu humheshimu mwenzake kwa kumwongezea mzigo. Neno "nitwike" wanalisema asubuhi na jioni. Neno "nitue" hawalisemi kabisa. Limetajwa katika sheria zao, sura moja na matusi.

Nyumba ya marehemu Pandu aliijua kwa kuelekezwa. Mlangoni palikuwa na rundo la vibuyu lililosimama kwa miguu miwili. Vibuyu mgongoni, vibuyu kifuani, vibuyu kichwani, mpaka kilichoonekana cha mtu ni macho na vidole vya miguu.

"Karibu, wifi yangu," lilisema lile rundo. "Nisamehe, siwezi kukukumbatia."

"Wewe ndiye Mboni? Mimi niliambiwa mdogo wangu ameoa mke, sikuambiwa ameoa duka."

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye yule dada aliyekuwa akimchapa kwa mwiko. Kanihadithia yote."

Walicheka, na tangu hapo wakapendana. Mboni alikuwa mjane wa Pandu, na mumewe alipozikwa watu walikuja na rambirambi zao, wakamtwika mzigo wa mumewe siku ileile. Sasa yeye ndiye Mchotaji Mkuu, na alikuwa amekonda hadi mashavu yameingia ndani.

Sasa nisikilizeni vizuri, niwaeleze uchotaji ni kitu gani. Watu wa Utwiko hawaandiki. Mwenye neno la kumpa mwenzake hupanda kilimani, akalisema, na wingu linalokaa kileleni hulishika. Posa, salamu za shangazi, ugomvi wa mpaka wa shamba, wosia, yote yamo mle. Aliyetumiwa neno akipanda, wingu humsikilizisha yeye peke yake. Lakini mgeni kama Kidawa wingu halimjui, halimsemeshi. Na wingu lenyewe halidumu. Mwisho wa kila kiangazi huvuma upepo uitwao Fagio, kilele kikabaki uchi, na neno lililokuwa juu likapotea moja kwa moja. Ndiyo maana kuna wachotaji: hupanda na vibuyu, wakachota maneno ya kila nyumba, wakaziba kwa nta, wakateremsha mpaka Pango la Akiba. Kibuyu kikifunguliwa pangoni hata mgeni husikia neno lake. Kazi nzuri kabisa, na ya akili.

Ila nyumba zote za Utwiko zilikuwa chini ya mchotaji mmoja. Wachotaji wengine walikuwepo, tena vijana wenye mabega. Walishinda barazani wakicheza bao, vibuyu vyao vitupu vinaning'inia ukutani, kwa sababu hakuna nyumba iliyokubali kuchotewa na mtu asiye mkuu. Hata mwenye neno moja tu, la kumuuliza jirani kama amemwona kuku wake, alitaka libebwe na Mchotaji Mkuu.

"Na neno la Pandu?" Kidawa aliuliza.

Mboni alitazama kilimani. "Liko katika maneno ya nyumba hii. Na nyumba ya mchotaji huchotewa mwisho, kama mwenye shughuli anavyokula mwisho. Pandu hakuwahi kuifikia nyumba yake. Na mimi sijaifikia."

"Fagio linakuja lini?"

"Tazama majani, wifi. Yameanza kulala upande mmoja."

Kidawa alitazama majani, kisha akamtazama yule mwanamke aliyefunikwa na vibuyu, na moyo ukamuuma kwa wote wawili, aliye kaburini na aliye mbele yake. Hakufikiri. Alinyoosha mkono, akamwondolea wifi yake kibuyu kimoja cha kichwani. Mtaa mzima ukaguna. Mama mmoja akamziba mwanawe macho. Kabla kibuyu hakijagusa ardhi, askari walikuwa wamekwisha mshika mgeni mkono.

Alipelekwa mbele ya Bwana Shekue, Waziri wa Mizigo. Huyu shingoni alivaa jiwe la nishani, kubwa kama la kusagia, na watu wawili walimshikilia huku na huku asipige uso mezani. Pembeni yake walikaa wajumbe, kila mmoja na jiwe lake kulingana na cheo.

"Unakiri kwamba umemtua mtu hadharani?" waziri aliuliza, akiongea na meza.

"Nimemtua kibuyu kimoja. Mmeona hali yake? Kwa mzigo ule hatamaliza, na Fagio likija maneno yenu yatakwenda na upepo. Na la mdogo wangu pia."

Hapo mjadala ukaanza, na nawaambia, sijasikia watu wenye akili nyingi wakizitumia vibaya kiasi kile. Mjumbe wa kwanza alipendekeza Mboni aongezewe cheo, kwa kuwa cheo hutia nguvu. Wa pili alitaka atengenezewe kibuyu kimoja kikubwa kama pipa badala ya vingi vidogo, apungukiwe na kelele. Wa tatu alikuwa fundi wa kamba. Alisimama akaeleza kwa ufasaha kwamba tatizo halikuwa mzigo, bali kamba, na kamba ikiwa nene mzigo hauna neno. Kamba nene ikapata kura nyingi.

"Pandu mlimpa kamba nene mara ngapi?" Kidawa aliuliza.

Aliyejibu ni Mboni, aliyekuwa amesimama nje kwa kuwa hakuweza kupita mlangoni. "Kila mwaka," alisema.

Mwishowe Bwana Shekue, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitoa uamuzi aliouona wa busara. Wachotaji wote wanaocheza bao wapande na Mboni kesho yake. Lakini isije ikasemekana Mchotaji Mkuu ametuliwa. Kwa hiyo kila mmoja atapanda, atachota na ataitika kwa jina la Mboni. Wajumbe walipiga makofi, na Kidawa akaachiliwa kwa onyo na jiwe moja.

Asubuhi ikawa sherehe. Wachotaji walipanda kwa ngoma, Bakame mbele. Huyu Bakame alikuwa bingwa wa bao, kifua kama kabati, na tangu aajiriwe hajachota hata neno. Kidawa aliruhusiwa kufika mpaka langoni. Lango la wingu lilikuwa na bawabu, bibi mmoja mpole aliyekaa juu ya kigoda akisuka ukili.

"Nani?"

"Mboni," alisema Mboni.

"Ingia."

"Nani?"

"Mboni," alisema Bakame kwa sauti yake nzito.

Bibi alimtazama kuanzia juu mpaka chini. "Ingia."

Akaingia Mboni mwingine, na mwingine. Kisha bibi akanyanyua mkono. "Mboni ameshachota haki yake ya asubuhi. Angoje."

Walingoja. Baada ya kitambo mmoja akauliza, "Bado?" Bibi akasema, "Anayeuliza bado, subira ya jina lake inakuwa maradufu." Wa nyuma hakusikia, naye akauliza, "Bado?" Ikawa maradufu tena. Wa nyuma zaidi wakauliza kuna nini huko mbele, ni bado au vipi. Wale waliokuwa ndani wakatolewa na vibuyu nusu. Hata jua halijasimama vizuri, jina la Mboni lilikuwa limefungiwa kwa muda mrefu kuliko siku zilizobaki, na msururu wa akina Mboni umeteremka kilima chote hadi sokoni. Chini huko Bwana Shekue alitangaza kwamba kazi inakwenda vizuri mno, kwa kuwa wapandaji hawajawahi kuwa wengi hivi. Wachotaji alikuwa amewahesabu. Vibuyu hakuvitazama.

Upepo mdogo ukapita ukapeperusha ukili wa bibi. Mboni alikaa chini na vibuyu vyake. "Limepotea, wifi," alisema. "Neno la Pandu limepotea."

Kidawa alikasirika. Alikuwa na hasira za kupika, zile zinazochemka bila kufurika, na akaenda nazo moja kwa moja kwa yule bibi. Lakini alipofika alipiga goti kwanza, maana alilelewa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, wewe hasa unataka nini?"

Bawabu aliweka ukili chini. "Leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa hivyo," alisema. "Wingu hili ni kama maziwa yaliyoganda. Ukichota polepole linabaki zima, ukilivamia linachanika. Basi kila jina nimelipa haki yake tu, na jina lenye pupa nalifungia. Lango langu linapitisha jina. Yakija majina mengi, haki ni nyingi. Likija jina moja lenye miguu mingi, haki ni ile ile moja."

"Mbona hukuwaambia miaka yote hii?"

"Wao wanauliza bado tu."

Dawa ikawa ni hiyo, kila mmoja aingie kwa jina lake, na ilikuwa chungu. Mchotaji hawezi kuingia kwa jina lake kama hana nyumba ya kuchotea, na nyumba zote, yaani vibuyu vyake, zilikuwa mgongoni kwa Mboni. Zingetoka kwa njia moja tu, nayo wote pale waliijua. Walitazama chini. Kidawa alikwenda akachuchumaa mbele ya wifi yake.

"Siwezi," Mboni alisema, na machozi yakamtoka. "Nikilisema neno lile nitakuwa mwanamke aliyeutupa mzigo wa mumewe."

"Mumeo yuko wapi, Mboni?"

Mboni aligeuza macho upande wa makaburini.

"Nami sitaki kurudi nyumbani nimezika ndugu na wifi. Ukinyamaza, maneno ya nchi nzima yanakwenda na upepo, na wewe unamfuata Pandu. Sema, mama. Sema wakusikie."

Mboni alifumba macho. Alivuta pumzi kadiri kamba zilivyomruhusu, na katika kilima kilichojaa watu akasema waziwazi, "Bakame, nitue."

Yule bingwa wa bao, kifua kama kabati, alisogea kwa haya kama bwana harusi. Hakuwa amewahi kumtua mtu, hakujua hata pa kushika. Kidawa akamwonyesha: mkono mmoja chini, mmoja ubavuni, pinda magoti. Kibuyu cha kwanza kikashuka. Kisha cha pili. Kisha wakaja wote, na Mboni akaonekana mabega, akaonekana shingo, akaonekana mwanamke mrefu kumbe, ambaye wengi walikuwa hawajui ana urefu gani. Alijinyoosha mpaka mifupa ikalia, akacheka. Hakuna radi iliyopiga, na hakuna aliyemdharau. Mama yule aliyemziba mwanawe macho siku ya kwanza alianza kupiga vigelegele.

Bwana Shekue alipandishwa kilimani kuja kuzuia. Alipokuta kimekwisha tendeka asichoweza kukizuia, akataka angalau kiwe na utaratibu wake: nyumba zigawanywe sawasawa, kila mchotaji idadi ile ile. Wakagawana. Bakame akaangukiwa na nyumba ya mshenga wa mji, mwanamke ambaye maneno yake ya asubuhi moja hujaza ghala. Mwenzake akapata nyumba ya bwana mmoja aliyenuniana na dunia nzima. Alirudi haraka na kibuyu kikavu, akakaa. Bakame hakuonekana. Walipomvuta nje alikuwa hoi, na bibi bawabu alikuwa karibu kulifungia jina lake.

"Usigawe kwa milango," Mboni alisema. Nyumba hizi alikuwa amezibeba, alijua ipi inasema na ipi inanyamaza, na sauti yake sasa ilikuwa na nafasi ya kutoka. "Pima uzito. Nyumba ya mshenga waende watatu. Na nyumba inayofuata usimpe mkubwa wala mdogo, mpe aliye mtupu mikononi. Akitoka na chake, apewe kingine, kadiri anavyoweza. Akichoka atuliwe, aje mwingine."

"Na wachotaji wakiisha?" waziri aliuliza.

"Kwani wafinyanzi hawana majina? Vinyozi je? Fagio likipita watarudi kwenye kazi zao, na hakuna atakayekufa."

Basi kilima kikachangamka. Bibi aliuliza "Nani?" na kwa mara ya kwanza akapata majibu: Bakame, Tabu, Mzuri, Sungura wa kwa fundi. Kila jina liliingia na kuchota haki yake, likatoka kabla halijafungiwa, likapisha lingine. Chini, mkono ulimpa mkono, nta ikayeyuka, vibuyu vikashuka hadi pangoni kama chungu wanaohama. Na neno "nitue" likazagaa. Watu walilisema kwa aibu kwanza, kisha kwa kawaida, kisha kwa raha, mpaka wengine wakawa wanalisema hawana hata mzigo.

Fagio lilianza kuvuma kweli. Kofia zikaruka. Ukingo wa wingu ukaanza kukatika vipande, na bado zilibaki nyumba chache, na majina yote yalikuwa yamekwisha tumika. Bibi bawabu akamgeukia Waziri wa Mizigo.

"Na wewe, huna jina?"

Bwana Shekue alitazama jiwe lake la nishani. Alitazama wajumbe wake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, nitueni." Wale watu wawili walimvua jiwe, na waziri, ambaye kwa miaka mingi alikuwa haoni kitu zaidi ya meza, akanyanyua uso, akaona kilima, watu na anga. "Shekue," alimwambia bibi, akachukua kibuyu akaingia mbio. Wajumbe wakamfuata.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Pandu. Mboni alikuwa mtupu mikononi, na jina lake limefunguliwa kwa radhi ya bibi mwenyewe. Aliingia katika wingu lililobaki kama shuka kuukuu, na upepo ukaja na nguvu zake zote. Kidawa alishikilia nguzo ya lango. Kilele kikasafishwa, kikabaki uchi kabisa, jiwe tupu na jua. Na juu ya jiwe, Mboni amesimama, nywele zimemvurugika, kibuyu amekikumbatia kifuani, kidole gumba kimeziba mdomo wa kibuyu.

Kelele iliyopigwa siku ile sijui niifananishe na nini. Mpaka wafu nadhani walijua. Hakuna neno hata moja lililokwenda na upepo, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Utwiko iwe Utwiko. Ngoma zikapigwa, bibi bawabu akacheza na kigoda chake kichwani, na Bakame akabebwa juu juu huku akiomba atuliwe.

Kidawa na Mboni walikwenda pangoni wao wawili. Mboni akatoa nta. Sauti ya Pandu ikatoka mle kibuyuni, ileile yenye kukwaruza kidogo, imechoka, lakini inacheka.

"Dada Kidawa, shikamoo. Mimi ni mzima. Huku nimepata watu wengi wa kunitwika, nashukuru. Wa kunitua sina. Nimemkumbuka mtu mmoja tu duniani asiyeogopa kukemewa. Ukipata nafasi, njoo."

Kidawa alilia kwa sauti, na Mboni akalia naye, na sasa mikono yake ilikuwa mitupu, akamkumbatia.

Walipotoka nje, mji mzima ulikuwa unawasubiri ili washerehekee. Kidawa hakwenda kwenye ngoma. Alikwenda makaburini, na watu wakamfuata bila kuuliza. Kaburi la Pandu lilikuwa kubwa kuliko yote, limerundikiwa mawe hadi kimo cha mtu, kwa kuwa kila aliyempenda alimwekea lake. Kidawa aliinama akaondoa jiwe moja. Mboni akaondoa la pili. Akaja Bakame, akaja mshenga, akaja Bwana Shekue, na kila mtu akachukua moja, kadiri ya nguvu zake, hakuna aliyechukua mengi, mpaka likabaki tuta dogo la udongo laini lenye majani mawili matatu.

Kidawa aliweka kiganja chake pale juu ya udongo.

"Marahaba, Pandu," alisema. "Nimeshakutua."